SOMO: STELINGI YA TREKTA KUUKUU, TAFUTA UGONJWA KABLA YA KUNUNUA DAWA



Mwezi huu tunajibu swali linaloulizwa na vikundi vingi vyenye trekta ya zamani: "Usukani unazunguka karibu robo kabla tairi hazijageuka. Je, tuiuze, au tununue boksi mpya ya stelingi?"

Jibu letu ni hili: msiuze bado, na msinunue kitu bado. Kwanza ipimeni.

KISA CHA KIKUNDI KIMOJA

Upande wa Njiru kuna kikundi chenye Massey Ferguson 135 iliyochoka rangi mpaka huwezi kujua ya kwamba ilikuwa nyekundu. Mvua ikinyesha wanawalimia watu wenye mashamba kuelekea Ruai na Kamulu. Kiangazi inavuta trela ya samadi, mchanga na mapipa ya maji kati ya nyumba za watu. Hiyo trekta ndiyo karo ya watoto wao. Lakini ilikuwa imefika mahali kijana dereva anaendesha kama mtu anayepepeta mchele, usukani kulia, usukani kushoto, hata kwenye barabara iliyonyooka.

Waliipeleka gereji moja wakaambiwa boksi ya stelingi imekwisha, walete pesa ya boksi nzima. Hesabu ilikuwa karibu akiba yote ya kikundi. Mkutano ukawa moto. Wengine walitaka kukopa, wengine walisema trekta iuzwe kama chuma chakavu pesa zigawanywe, yaishe. Mama mweka hazina alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akauliza:

"Huyo fundi aliyesema boksi imekwisha, aliifungua?"

Hakuna aliyemwona akiifungua.

"Sasa alijuaje?"

Kwa sababu ya swali hilo nikaitwa. Jumamosi tuliegesha trekta kwenye uwanja wa kanisa, tukaipima kiungo kwa kiungo, wanakikundi wote wakiangalia. Haikuchukua saa mbili, na kifaa kikubwa tulichotumia ni jeki. Nitaeleza jinsi tulivyofanya, na baadaye nitawaambia tulichokuta, maana kilitutia hofu.

JINSI STELINGI HII ILIVYOPANGWA

Matrekta madogo mengi ya zamani yaliyobaki kwetu ni ya ukoo mmoja. Baba yao ni ile Ferguson ya kijivu, TE20, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kutoka 1946 mpaka 1956. Zilitoka zaidi ya 500,000. Kampuni ya Harry Ferguson iliungana na Massey-Harris mwaka 1953. Ikafuata Massey Ferguson 35, na mwishoni mwa 1964 ikaja 135 ambayo wengi wenu mnayo. Ni mashine ngumu kufa. Nimeona mjukuu akilimia trekta iliyonunuliwa na babu.

Ukoo huu una mpango wake wa stelingi, na ukiufahamu, nusu ya kazi umemaliza. Boksi iko mbele ya dereva, chini ya dashibodi. Kutoka kwenye boksi kunatokea mkono mmoja kila upande, unaoning'inia. Kila mkono unasukuma rodi ndefu inayokwenda mbele mpaka kwenye tairi ya upande wake. Gari ndogo kwa kawaida ina rodi ya kuunganisha tairi mbili za mbele. Trekta hizi hazina. Karibu na kila rodi kuna fito nyingine nene isiyogeuza kitu, kazi yake ni kushikilia eksi ya mbele isirudi nyuma. Ferguson alipanga hivyo ili mkulima aweze kupanua au kupunguza nafasi ya tairi za mbele, kulingana na mistari ya mimea, bila kuharibu stelingi.

Kwa hivyo kila upande unapimwa peke yake. Upande mmoja unaweza kuwa mzima kabisa na mwingine mgonjwa. Tena rodi ya upande mmoja ikichomoka, tairi ile inakwenda inakotaka huku nyingine ikiendelea kutii usukani. Fikiria hilo likitokea mbele ya lango la shule saa ya watoto kutoka.

Jambo la pili ndilo linalowadanganya watu. Boksi inapunguza mwendo: unazungusha usukani sana, mkono wa chini unasogea kidogo. Sasa geuza hesabu hiyo. Bolijointi ikiwa na nafasi ndogo kama unene wa shilingi, dereva ataihisi kwenye usukani kama upana wa vidole viwili au zaidi. Weka bolijointi ya pili kwenye rodi hiyo hiyo, weka na kingipini iliyolika, na utapata usukani unaozunguka bure kama wa mtoto anayechezea gari bovu. Dereva anaona usukani unacheza, anaangalia kitu kilicho karibu na usukani, nacho ni boksi. Basi boksi inahukumiwa.

HAKIKISHA KWANZA NI STELINGI

Kuna mambo matatu yanayofanana na ugonjwa wa stelingi, na hayatibiwi kwa spana.

Tairi. Tairi za mbele za trekta zina mistari mirefu inayosimama, wa katikati ukiwa mrefu zaidi. Mstari huo ndio unaokata udongo na kuzuia tairi isiteleze upande. Ukiisha, kwenye udongo wetu huu mweusi wa Eastlands, unaopasuka kiangazi na kunata kama uji wakati wa mvua, utageuza tairi na trekta itaendelea mbele tu. Angalia pia kama tairi zote mbili ni za kipimo kimoja na zina upepo sawa. Nimeona trekta inavuta kushoto mwaka mzima, kumbe tairi ya kushoto ina pancha ya polepole.

Mzigo. Ukipakia trela sana upande wa mbele, au ukifunga mnyororo juu mno, mzigo unakandamiza nyuma ya trekta na pua inainuka. Tairi za mbele zikigusa ardhi kidogo tu, hakuna stelingi duniani itakayokusaidia. Fungeni trela kwenye sehemu ya chini iliyowekwa kwa kazi hiyo, gawanyeni mzigo, na mkibeba kitu kizito nyuma wekeni uzito mbele.

Breki. Trekta hizi zina pedali mbili za breki, moja ya tairi ya kushoto, moja ya kulia, ili dereva akate kona kali shambani. Stelingi ikilegea, madereva huzoea kugeuza kwa breki moja. Shambani, polepole, sawa. Barabarani ni kutafuta kupinduka. Kuna komeo la kuunganisha pedali hizo ziwe moja. Nje ya shamba lifungwe kila mara. Kama limepotea, litengenezwe leo.

KUPIMA KIUNGO KWA KIUNGO

Egesha mahali tambarare, zima injini, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi za nyuma. Osha sehemu ya mbele kwa maji na brashi. Sehemu chafu haipimiki, na matope yaliyokauka yanaweza kushikilia kiungo kibovu kionekane kizima.

Mtu mmoja apande kitini. Kazi yake ni kutikisa usukani kidogo tu, kushoto na kulia, ndani ya ile nafasi ambapo unacheza bila kugeuza tairi. Asiuzungushe. Tairi ziwe chini, zimekanyaga. Mtu wa pili ashike kila kiungo kwa kiganja, vidole vikigusa vyuma vyote viwili vinavyokutana hapo. Mkono unajua kuliko jicho. Kama chuma kimoja kinasogea kabla ya kingine, umepata mchezo. Weka alama ya chaki, uende kiungo kinachofuata.

Anzia mbele kwenye tairi, rudi nyuma kuelekea usukani. Sababu ni mbili. Viungo vya mbele ndivyo vinavyooga matope kila siku, kwa hivyo ndivyo vinavyolika kwanza, hali boksi imefungwa ndani ya oili yake. Pia viungo vya mbele ni vya bei nafuu na boksi ni ghali. Ukianza na cha bei nafuu, ukikosea hujafilisika.

Kiungo cha kwanza ni ule mkono mfupi ulio juu ya kingipini, pale rodi inaposhika. Umefungwa kwa boliti, na ndani mara nyingi kuna kichuma kidogo cha umbo la nusu mwezi kinachozuia usizunguke. Kichuma hicho kikilika au boliti ikilegea, mkono unatangulia na kingipini inafuata baadaye. Watu wengi hupita hapa bila kuangalia.

Halafu bolijointi ya mbele ya rodi, halafu ya nyuma. Kwa pande zote mbili ni nne. Zitikise pia juu na chini kwa mkono. Kuzunguka kidogo si neno, lakini kupanda na kushuka kwenye kikombe chake ni dalili kwamba imekwisha.

Kisha mkono unaoning'inia kutoka kwenye boksi. Angalia kama umekaa imara kwenye shafti yake na nati imekaza. Mwisho panda juu: shika usukani wenyewe, uinue na kuukandamiza. Chini ya kile kifuniko cha katikati kuna nati, nayo hulegea. Nimewahi kulipwa kwa kukaza nati hiyo peke yake, na nikaona aibu kupokea.

Sasa inua eksi kwa jeki, upande mmoja kwa mmoja, na uweke gogo nene au stendi chini ya eksi kabla hujaingiza hata mkono. Jeki peke yake si ya kuaminiwa, hasa kwenye udongo mweusi. Weka kipande cha ubao chini yake. Shika tairi juu na chini, uitikise. Ikicheza, mwambie mwenzako aangalie: kama habu inacheza na kingipini imetulia, ni beringi. Kama kingipini yote inatikisika ndani ya eksi, ni bushi. Zungusha tairi polepole na usikilize. Beringi nzima haisemi kitu.

Malizia na pini kubwa ya katikati, ile ambayo eksi ya mbele inabembea juu yake, pamoja na vichwa vya zile fito nene mbili. Weka nondo chini ya eksi karibu na pini, inua kidogo. Pini hii ikilika eksi yote inakwenda mbele na nyuma, na trekta inatangatanga barabarani hata kama viungo vingine vyote ni vipya.

TULICHOKUTA

Ile trekta ya Njiru ilikuwa na alama kadhaa za chaki. Bolijointi mbili za kushoto zimekwisha. Kichuma cha nusu mwezi cha kulia kimelika. Bushi ya chini ya kingipini ya kulia imelika upande mmoja. Beringi za tairi zote mbili zimelegea, ila hazijaharibika. Nati ya usukani imelegea.

Alama ya mwisho ndiyo ile. Bolijointi inafungwa kwa nati yenye mikato, na ndani ya mkato hupita spliti pini ili nati isifunguke. Kwenye bolijointi ya mbele ya kulia hapakuwa na spliti pini. Palikuwa na msumari wa mabati uliokunjwa, na msumari ulikuwa umekatika karibu nusu. Nati yenyewe niliizungusha kwa vidole.

Dereva aliutazama kwa muda, akasema, "Fundi, Jumatano nilibeba watoto wa Sunday school kwenye trela." Hatukuongeza neno. Tangu siku hiyo kikundi kina sheria: abiria hawapandi trela wala ubavuni mwa trekta. Nawasihi nanyi muiweke, hata kama stelingi yenu ni mpya.

Boksi ilikuwa na mchezo wa upana wa kidole kimoja. Kwa mashine ya umri huo, hiyo ni afya njema.

KUREKEBISHA

Kutoa bolijointi kunawashinda wengi kwa sababu wanapiga nyundo kwenye ncha ya nyuzi, inavimba kama uyoga, basi. Toa spliti pini, legeza nati mpaka iwe sawa na ncha, usiitoe yote. Halafu shikilia nyundo nzito upande mmoja wa lile jicho ambamo bolijointi imeingia, na upige upande wa pili kwa nyundo nyingine. Jicho linashtuka, bolijointi inaachia. Kabla ya kuifungua kutoka kwenye rodi, hesabu nyuzi zinazoonekana au pima urefu, ili mpya irudi mahali pale pale. Spliti pini ni mpya kila mara. Hakuna spliti pini ya kutumia mara ya pili, na hakuna msumari.

Beringi za tairi: kila habu ina mbili. Zitoe, zioshe kwa mafuta ya taa, zikague. Kama gololi za mviringo mrefu zina vidonda au rangi ya bluu ya kuungua, nunua mpya pamoja na vikombe vyake. Kama ni safi, zishindilie grisi kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili. Kaza nati huku ukizungusha tairi mpaka iwe nzito kidogo, halafu irudishe nyuma mpaka mkato wa kwanza unaopokea pini. Ikikaza zaidi beringi itaungua; ikilegea, mtarudi pale pale.

Bushi za kingipini ni kazi ya mtu wa leithi. Bushi ikishasukumwa ndani ya eksi inabanwa, tundu linapungua, kwa hivyo lazima isagwe tena ndani ndipo kingipini iingie vizuri. Fundi akikuambia atapiga nyundo tu iingie, tafuta fundi mwingine. Na kingipini yenyewe ipimwe: kuweka bushi mpya juu ya kingipini iliyolika upande mmoja ni kutupa pesa.

Sasa neno zito. Mikono ya stelingi, bolijointi na kingipini haziungwi kwa weldingi. Najua tunavyoishi, najua mafundi wetu wanaunga kila kitu kuanzia mlango hadi jembe. Lakini chuma hicho kimepewa ugumu wake kiwandani kwa moto uliopimwa, na moto wa weldingi unauondoa. Kitaonekana kizuri, kitapakwa rangi, na kitakatika siku kimebeba mzigo. Mkono uliopinda au kupasuka unabadilishwa.

NA KAMA KWELI NI BOKSI?

Viungo vyote vikishakuwa sawa, fungua rodi zote mbili kutoka kwenye mikono ya boksi, uzungushe usukani kutoka mwisho mpaka mwisho. Sikiliza kwa mikono. Ukikwaruza au kushikashika, ndani kuna kitu kimevunjika, ifunguliwe. Ukizunguka laini lakini una mchezo, angalia kwanza oili. Boksi nyingi zimekauka kwa sababu sili zimekwisha na hakuna anayekumbuka kwamba kuna kifuniko cha kujazia. Kwa kawaida inataka oili nzito ya gia, wala si grisi. Grisi inasukumwa pembeni na hairudi.

Ndani ya boksi za 35 na 135 kuna skrubu kubwa na nati inayotembea juu ya gololi. Mchezo mdogo unaweza kupunguzwa, kulingana na mashine, kwa skrubu yenye loki nati au kwa kutoa shimu, vile vibati vyembamba vilivyo chini ya kifuniko. Lakini sikilizeni: boksi inalika zaidi katikati, kwa sababu trekta inakwenda mbele zaidi kuliko inavyokata kona. Ukiikaza mpaka katikati pasiwe na mchezo hata kidogo, ukifika pembeni itabana. Dereva atakata kona na usukani usirudi. Kaza kidogo, zungusha mpaka mwisho pande zote mbili, kaza tena kidogo. Acheni mchezo kidogo ubaki. Mimi nikifika upana wa vidole viwili mpaka vitatu kwenye trekta kuukuu, naweka spana chini.

MKIJA MJINI KUTAFUTA SPEA

Vikundi vya mashambani vinapoteza pesa nyingi hapa. Mtu anatumwa Nairobi, anaambiwa tu "lete bolijointi ya Massey," anarudi na isiyoingia, nauli imekwenda. Mpelekeni na kitu kibovu chenyewe, kimeoshwa, ndani ya gunia. Kuna za nyuzi za kulia na za kushoto, kuna ndefu na fupi, na za 35 na 135 msidhani zote zinafanana. Andikeni pia namba iliyo kwenye kibati cha trekta.

Maduka ya spea ni mengi Barabara ya Kirinyaga, ile wazee wanaiita Grogan mpaka leo. Kazi ya leithi, bushi na pini, mafundi wako Kariobangi Light Industries. Kamukunji mnaijua kwa nyundo: masanduku, majiko, wilbaro. Kule mabanda yalijengwa baada ya Rais Moi kuwatembelea mafundi mwaka 1985, na mpaka leo ukipita hapo masikio yanalia. Ni mafundi hodari, lakini bushi ya kingipini si kazi ya nyundo.

Fundi wa leithi aulizwe atatumia chuma gani. Bushi nzuri ni ya bronzi, rangi yake inaelekea wekundu wa kahawia. Wengine huchonga ile shaba ya njano inayofanana na ya mifereji ya maji. Inang'aa vizuri, na haitamaliza misimu mingi. Kaeni pale mpaka kazi iishe, na kingipini yenu mkononi, ijaribiwe kabla ya kulipa.

Kikundi cha Njiru kilinunua bolijointi mbili, bushi, kichuma cha nusu mwezi, grisi na pakiti ya spliti pini, kikalipa na leithi. Yote pamoja hayakufika robo ya bei ya ile boksi. Mama mweka hazina aliandika kila risiti, akatusomea mbele ya mkutano bila kutabasamu.

KUNYOOSHA TAIRI

Ukishagusa rodi, tairi lazima zinyooshwe. Zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, halafu hesabu mizunguko mpaka mwisho kulia, urudi nusu yake. Hapo boksi iko katikati. Usukani ushikwe usisogee, halafu rekebisha rodi ya kila upande mpaka tairi yake iangalie mbele sawasawa. Tumia kamba iliyovutwa kutoka tairi ya nyuma, mkikumbuka kupima nafasi sawa pande zote.

Kisha chukua fito. Weka alama ya chaki upande wa mbele wa kila tairi, kwa urefu wa katikati ya habu, pima kutoka alama mpaka alama. Sukuma trekta mbele mpaka alama zifike nyuma, kwa urefu ule ule, upime tena. Mbele pawe sawa na nyuma, au papungue kidogo tu, pasizidi robo inchi. Tairi zikitazama nje, trekta itatangatanga na mpira utalika kama umepigwa msasa.

Jaribuni shambani, gia ya kwanza, kabla ya kuingia barabarani. Baada ya siku ya kwanza ya kazi rudini mkague kila nati.

GRISI NA DAFTARI

Udongo unaingia palipo na nafasi. Grisi mpya ikisukumwa inautoa nje, ndiyo maana tunasukuma mpaka tuone safi inatokea. Viungo vya mbele vyenye nipo vipate grisi kila siku ya kazi, na baada ya kupita kwenye maji hata kama ni mara ya pili siku hiyo. Nipo ikiziba ibadilishwe. Ni kitu kidogo sana kununua.

Dereva asiachiwe peke yake. Kuweni na daftari kwenye sanduku la trekta: tarehe, saa za kazi, grisi, oili ya boksi, nani alikagua. Anayekagua asiwe dereva. Dereva amezoea mchezo wa usukani kidogo kidogo mpaka haumshangazi tena, kama mtu asiyesikia mlango wake ukilia. Na mkutano uwape hao wawili, dereva na mkaguzi, ruhusa ya kusema "leo haitoki," hata kama mwenye shamba amekwisha kulipa.

KAZI YA MKUTANO UJAO

Wenye trekta: fanyeni mkutano huo mbele ya trekta, si ndani ya nyumba. Mmoja atikise usukani, wengine washike viungo kwa zamu, akina mama pia, na alama za chaki zihesabiwe. Halafu jadilini haya.

Kiungo gani kimekutwa na kitu kisicho chake, msumari, waya, kipande cha mpira, na nani alikiweka kwa sababu gani?

Mara ya mwisho tulipolipa fundi, alitufungulia tuone, au alituambia tu?

Tukikuta bolijointi imekwisha wiki ya kulima, trekta itasimama? Nani atakwenda kumwambia mwenye shamba?

Wasio na trekta lakini mnakodi ya wengine: kabla haijaingia shambani, mwambieni dereva atikise usukani nanyi mwangalie tairi.